Barua ya wazi: Fungueni kabati la vitabu kabla ya likizo ya Juni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Na kwenu wakurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu msingi wa nchi nzima.

YAH: VITABU VYA HADITHI VIENDE NYUMBANI NA WATOTO WAKATI WA LIKIZO

Waheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimefundisha Darasa la Pili kwa miaka 23, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapa Muheza, na sasa nimestaafu. Sina cheo wala chama ninachokisemea. Nina jambo moja ambalo nimelibeba muda mrefu, na naona nikiendelea kulinyamazia nitakuwa nimewakosea watoto niliowafundisha.

Kila mwalimu wa madarasa ya chini anaijua wiki ya kwanza ya Julai. Mwanzoni mwa Juni ulimwacha mtoto anasoma "Bibi anakunywa uji" bila kukwama. Likizo imepita, unamfungulia ukurasa uleule. Anaweka kidole. "Bi-bi a-na-ku..." halafu kimya. Ile nyw imemshinda. Anainua macho anaangalia uso wako, maana karatasi haimwambii tena kitu, basi anatafuta jibu kwenye midomo ya mwalimu. Na ukimsaidia nyw, mbw inakuja kumkwamisha mstari wa pili. Mimi nilikuwa natumia wiki mbili, mara nyingine tatu, kuwarudisha watoto pale tulipoachana. Wiki tatu za muhula ni nyingi, Waheshimiwa, hasa kwa mtoto ambaye Oktoba anatakiwa awe anasoma habari nzima na kujibu maswali.

Lakini si wote waliorudi hivyo, na hapo ndipo pananiuma. Mtoto wa nesi alirudi anasoma vizuri kuliko alivyoondoka. Mtoto wa mwalimu mwenzangu vilevile. Juni walikuwa sawa na wenzao, madawati yaleyale, mwalimu yuleyule. Julai wameshaachana. Tofauti ile haikuletwa na shule. Ililetwa na siku 30 za kukaa nyumbani, kwenye nyumba moja kuna kitu cha kusoma na kwenye nyingine hakuna.

Jambo hili halipo Muheza peke yake. Huko Marekani, katika mji wa Baltimore, wanasosholojia Doris Entwisle na Karl Alexander walifuatilia watoto karibu 800 walioanza darasa la kwanza mwaka 1982. Waliona kwamba shule zikiwa wazi, watoto wa maskini na wa wenye uwezo walikuwa wanasonga mbele kwa mwendo unaokaribiana, ila likizo ndefu ya kiangazi ikifika, wa maskini walisimama au kurudi nyuma, na wa wenye nacho waliendelea. Wenyewe walifananisha shule na bomba la maji: likiwa wazi kila mtu anachota, likifungwa anakunywa yule mwenye akiba ndani. Sisi tunaoishi na foleni za ndoo hatuhitaji kuelezwa mfano huo mara mbili.

Niwaeleze likizo ya Juni ilivyo hapa kwetu. Huo ndio msimu wa machungwa. Watoto wanashinda barabara kuu na mabeseni, basi likisimama wanakimbilia madirishani. Sisemi ni vibaya. Mtoto anayemsaidia mama yake kupata chumvi na sabuni hajapotea, na hesabu ya chenji anaijua kuliko nilivyoweza kumfundisha ubaoni. Ila tazameni kitu kimoja. Basi likiondoka, watoto hawa wanasoma kwa sauti maandishi ya ubavuni mwake, wanabishana herufi, mwingine anamsahihisha mwenzake. Nimesimama pale mara nyingi nikawasikiliza. Wana njaa ya kusoma, na kitu pekee chenye maandishi kinachopita mbele yao kinakwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Wakati huohuo, mita mia tatu kutoka pale, kwenye stoo ya shule, kuna kabati lenye vitabu. Limefungwa kwa kufuli.

Hilo kabati ndilo sababu ya barua hii. Siongelei vitabu vya kiada, ambavyo najua havitoshi na mtoto mwingine anavihitaji. Naongelea vitabu vya ziada, vile vyembamba vya hadithi, vyenye picha, kurasa 16 au 24. Vimekuja kwa njia nyingi: vingine vya serikali, vingine vya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, vingine vya wafadhili waliokuja na kuondoka. Katika shule moja niliyopita, jina lake naliacha, nilikuta maboksi ya vitabu vilivyonunuliwa kwa zile fedha za rada, zile pauni milioni 29.5 ambazo kampuni ya Uingereza ya BAE Systems iliilipa nchi yetu mwaka 2012 kufuatia kashfa ya kutuuzia rada, na serikali ikaamua ziende kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ulikuwa uamuzi mzuri kabisa. Lakini miaka minne baadaye baadhi ya maboksi yale yalikuwa na gundi yake ya kiwandani, na mchwa alikuwa ameshaanza kula kutoka chini.

Mkuu wa shule ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sababu. Vitabu vimeandikwa kwenye leja. Akija mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, leja inasomwa na vitabu vinahesabiwa. Kikikosekana kimoja, maswali. Vikikosekana kumi, barua ya kujieleza. Hakuna fomu yoyote inayomuuliza mkuu wa shule watoto wangapi wamesoma vitabu hivyo. Kwa hiyo njia salama kwake ni kuvifungia. Kitabu ambacho hakijasomwa na mtoto yeyote kinahesabika kuwa kimetunzwa vizuri.

Nilijaribu kufanya vingine mara moja. Ilikuwa likizo ya Juni, mkuu mwingine, mama mmoja jasiri, akaniambia, "Mwalimu, chukua, lakini andika." Nikatoa vitabu 46 kwa watoto 46 wa darasa langu. Kila mmoja na chake, kwenye mfuko wa sandarusi kwa ajili ya mvua, jina la mtoto na la mzazi kwenye daftari la kuazima, mzazi ametia sahihi au dole gumba. Niliwapa wazazi sharti moja tu: mtoto akusomee, wewe usikilize. Kila baada ya wiki, Jumamosi, tukutane chini ya mkungu ulio mbele ya shule mbadilishane.

Binti mmoja alikuwa anaishi na bibi yake. Bibi hajui kusoma. Sahihi yake kwenye daftari langu ni dole gumba. Jioni moja nilipita kwao. Bibi anasonga bada, ule ugali wa muhogo, kwenye mafiga, binti amekaa juu ya kinu kilicholazwa, kitabu kimeelekezwa kwenye mwanga wa moto, taa ya sola inatumika chumbani kwa mdogo wake mgonjwa. Nikabisha hodi, nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja, hiki kitabu chako kina makosa." Nikauliza makosa gani. "Humu fisi anafika mtoni kabla ya sungura. Haiwezekani. Hadithi hii nimesimuliwa na mama yangu, sungura ndiye aliyetangulia." Akamgeukia mjukuu, "Hebu soma tena pale." Binti akasoma tena. Bibi akatikisa kichwa. "Soma tangu mwanzo, labda umeruka." Binti akaanza upya, kidole kinatembea chini ya mstari, anataka kumthibitishia bibi kwamba hakuruka neno.

Nilihesabu kimoyomoyo. Ukurasa ule ulisomwa mara tano nikiwa nimekaa palepale. Mimi darasani, na watoto zaidi ya 40, sikuwahi kumpa mtoto mmoja nafasi ya kusoma ukurasa mmoja mara tano mbele ya mtu anayemsikiliza kwa makini. Saa zangu hazikuruhusu. Bibi asiyejua herufi aliweza kwa sababu alikuwa na vitu vitatu: hadithi kichwani mwake, hamu ya kujua fisi amefanya nini, na mjukuu mmoja tu mbele yake. Julai ilipofika, nyw haikumkwamisha yule binti. Wala mbw.

Siku hizo watu waliniambia wazazi wetu hawana elimu ya kuwasaidia watoto. Nimeacha kukubali neno hilo. Pwani hii watoto wamelelewa kwa "Paukwa!" "Pakawa!" tangu zamani. Msikilizaji aliyezoea hadithi anajua pa kuuliza "enhe, ikawaje?" na swali hilo ndilo linalomfanya mtoto arudi kwenye maandishi kutafuta. Na pale ambapo nyumbani hakizungumzwi Kiswahili, kwa Wamasai wa Kilindi au Wasukuma wa Maswa, mtoto anaweza kusoma kwa Kiswahili kisha akamweleza bibi kwa lugha yao, na kumweleza huko kunamlazimu aelewe alichosoma.

Tulifunga hesabu siku shule ilipofunguliwa. Vitabu 46 vilitoka, 41 vikarudi. Viwili vilinyeshewa, kimoja kilichanwa na mtoto mchanga, viwili havikujulikana vilikokwenda. Watoto wa darasa zima walikuwa wamesoma vitabu vitatu au vinne kila mmoja, kwa kubadilishana. Mimi niliona ni faida kubwa. Ofisi moja ya juu yetu iliona upungufu wa vitabu vitano. Yule mama aliandikiwa barua ya kujieleza, akajieleza, akavilipa kwa mshahara wake. Desemba yake kabati halikufunguliwa, na sikuwa na uso wa kumwomba tena.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi na si wakuu wa shule. Mkuu wa shule hawezi kujiruhusu mwenyewe. Anahitaji karatasi yenye sahihi ya mtu mkubwa kuliko yule atakayekuja kumhoji.

Ninachoomba ni waraka, ukurasa mmoja unatosha. Useme kwamba vitabu vya ziada vya madarasa ya chini viazimwe kwa watoto likizo ya Juni na ya Desemba. Useme kwamba kitabu kilichochakaa, kuchanika au kupotea mikononi mwa mtoto, kikiwa kimeandikwa kwenye daftari la kuazima, kitafutwa kwenye leja kama kifaa kilichotumika, na mwalimu hatalipa. Wekeni kiwango mtakachoona kinafaa. Kitabu kimoja kati ya kumi kwa mwaka si hasara ya kutisha. Chaki ikiisha hakuna anayemuuliza mwalimu chaki imekwenda wapi, kwa sababu sote tunajua chaki kazi yake ni kuisha ubaoni. Kitabu cha hadithi cha mtoto wa miaka minane kazi yake ni kuisha mikononi mwa watoto. Kwa miaka mingi ruzuku ya shule ya msingi imekuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo Sh 4,000 ni za vitabu. Fedha za kununua vingine zimeshafikiriwa. Tatizo ni kwamba haviishi, vinazeekea gizani.

Waraka huohuo uwabadilishie wathibiti ubora swali. Wakifungua leja, waulize pia: vitabu hivi vimetoka mara ngapi? Nawahakikishia, siku swali hilo likianza kuulizwa, makufuli yatafunguka yenyewe nchi nzima. Walimu tunafuata kinachohesabiwa.

Naomba mnielewe, siombi twisheni. Watoto wapumzike, wacheze, wavue samaki wa mtoni, waende kwa bibi zao. Wala siombi zile karatasi za maswali ya likizo ambazo mzazi anatozwa fedha ya kutoa nakala, mtoto anazijaza usiku wa mwisho kwa kuangalizia kwa kaka yake. Nimezitoa mimi mwenyewe kwa miaka na sijaona mtoto aliyejifunza kusoma kwa hizo. Robo saa ya hadithi jioni, mtoto na mtu wake, inatosha.

Na msaidizi yupo. Vijana wa Kidato cha Nne wanamaliza mtihani Novemba, na wanaochaguliwa kuendelea wanaingia Kidato cha Tano Julai. Miezi yote hiyo, Desemba na Juni zikiwa ndani yake, wako kijijini wanangoja. Kila kijiji chenye shule ya kata kinao. Mwenyekiti wa kijiji akiwaomba wawili au watatu wasimamie Jumamosi ya kubadilishana vitabu, chini ya mwembe au barazani kwa mtendaji, watakuja. Nimewaona walivyo na wadogo zao. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba wanahitajika.

Kikao cha wazazi cha kufunga shule nacho kinaweza kubadilika kidogo. Tunajua agenda zake: michango ya chakula, matokeo ya mtihani, nidhamu. Tuongeze robo saa moja. Mwalimu asimame na mtoto mmoja na kitabu kimoja, awaonyeshe wazazi namna ya kusikiliza: usimnyang'anye kitabu, usimchape akikwama, mwache ahangaike kidogo kabla hujamsaidia, muulize anafikiri kitatokea nini. Kina baba wahimizwe hasa. Mtoto wa kiume asiyewahi kumwona baba yake ameshika kitabu anaamini kusoma ni kazi ya walimu wa kike.

Redio ya taifa inasikika vijiji vingi. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilikusanya watu takribani milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu pamoja, wakatoka hapo wakachimba vyoo. Hadithi moja kila jioni, ileile iliyomo kwenye vitabu vya shule, mtoto anafuatisha kwa kidole huku redio inasoma, ingefika mahali ambapo hakuna mtu mzima anayejua kusoma. Shule zilipofungwa Machi hadi Juni 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo viliwekwa redioni na kwenye televisheni. Vilisaidia wengi, lakini hapa kwetu nilikuta watoto wanasikiliza mikono mitupu, vitabu vimebaki shuleni.

Nchi hii imewahi kufanya makubwa kuliko haya ikiwa na kidogo kuliko ilichonacho leo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Kufikia 1975 walibaki asilimia 39. Majengo mapya hayakusubiriwa. Watu walisoma kwenye maghala ya pamba, misikitini, makanisani, chini ya miembe, na aliyejua alimfundisha asiyejua. Mama yangu mzazi alijifunza kuandika jina lake kwenye kisomo, na mwalimu wake alikuwa mtoto wa jirani aliyemaliza la saba. Lile gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho lilitengenezwa ili watu waliotoka kisomoni wasisahau kwa kukosa cha kusoma. Viongozi wa wakati ule walijua kwamba mtu akishajua kusoma halafu akakosa maandishi, elimu ile inamtoka. Likizo inawafanyia watoto wetu jambo hilohilo mara mbili kwa mwaka.

Maktaba za mikoa tunazo na nazishukuru. Ya Tanga mjini nimeitumia tangu nikiwa chuoni. Lakini mtoto wa Amani, kule juu milimani, hawezi kupanda gari kushuka Muheza na kuendelea hadi Tanga ili aazime kitabu cha kurasa 16. Kwake maktaba ni kabati la shule, hana nyingine. Tuna shule za msingi za serikali zaidi ya 16,000. Nyingi zina stoo, zina kabati, na zina mtu mwenye ufunguo.

Tathmini za kwanza za Uwezo, mpango unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, mwaka 2010 na 2011, zilitutia aibu wote: takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Tangu hapo mmefanya kazi, na mimi ni shahidi. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulipoanza 2015 tulipelekwa mafunzo, tukaacha kukaririsha, watoto wakaanza kusoma mapema. Nawasifu kwa hilo. Ndiyo sababu naumia zaidi kuona kilichojengwa kwa miezi mitano kinabomoka kwa mmoja.

Yule binti wa bada sasa yuko sekondari. Juzi nilikutana naye barabarani na beseni la machungwa. Akaniamkia, tukaongea, nikamuuliza hali ya bibi. Akasema macho yamepungua nguvu, lakini bado jioni anaitaka hadithi, na mdogo wake sasa yuko Darasa la Pili, ndiye mwenye zamu ya kumsomea. "Tatizo, Mwalimu, mdogo wangu hajapewa kitabu. Tunamsomea kile cha zamani." Ni kimoja kati ya vile viwili ambavyo mwaka ule havikujulikana vilikokwenda. Nilimwambia akitunze.

Likizo ya Juni inakaribia. Naomba waraka utoke shule zikiwa bado wazi, walimu wapate wiki moja ya kuandika majina kwenye daftari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Darasa la Pili
Muheza, Tanga

Nakala: Wakuu wa shule za msingi wote wanaoshika ufunguo wa stoo.